Kabla ya kiti cha enzi palikuwa na jaa

Hotuba kwa walimu wa historia na wa Kiswahili wa shule za sekondari, Kampala. Imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji, na baadhi ya maswali ya ukumbini yameingizwa humohumo.

Walimu wenzangu, wazee wetu, na nyinyi wanafunzi mliobanana kule nyuma, hamjambo. Asanteni kwa kuitikia mwaliko.

Nimeombwa nieleze falme zetu zilitoka wapi. Mada hii ina mazoea yake. Msemaji husimama, akataja Batembuzi, watawala wa kwanza wa masimulizi, akaja kwa Bachwezi waliowafuata, akateremka kwa ukoo wa kifalme wa Babito, akamaliza na orodha ya Abakama, yaani wafalme, wa Bunyoro mmoja baada ya mwingine. Wasikilizaji wanatoka na majina tele kichwani, na hakuna anayejua watu wa wafalme hao walikula nini, walipikia nini, chumvi waliitoa wapi. Mimi nitaanza na takataka.

Wilayani Sembabule, kwenye nyika za Mawogola, kuna mahali paitwapo Ntusi. Ukipita bila mwenyeji utaona vilima viwili vya nyasi na ng'ombe wakilisha juu yake, na utaendelea na safari. Wenyeji huviita kimoja dume na kingine jike. Havikuumbwa na volkano wala mvua. Ni majaa. Ni mifupa ya ng'ombe, vigae, majivu na samadi, vitu ambavyo watu walikuwa wakivitupa mahali palepale kizazi hata kizazi mpaka jaa likawa kilima. Karibu na hapo kuna bonde lililochimbwa kwa mikono ya watu, mfano wa beseni kubwa, na udongo wake umerundikwa pembeni. Makazi yote yalienea karibu hekta 100, na watu waliishi hapo tangu karne ya 11 hivi mpaka ya 15. Nawaomba mzishike karne hizo, kwa sababu Kabaka (mfalme wa Buganda) wala Mugabe (mfalme wa Nkore) tunayeweza kumtaja kwa uhakika hajatokea bado.

Mtu akinidai maandishi ya karne ya 12 kutoka Ntusi, sina. Hakuna aliyeandika. Nina jaa, na jaa lina sifa moja ambayo kitabu cha mfalme hakina: halikuwekwa pale ili limsifu mtu. Andrew Reid, mwanaakiolojia aliyechimba Ntusi kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, alihesabu mifupa ya ng'ombe na kuangalia meno yao ili ajue walichinjwa wakiwa na umri gani. Wengi walikuwa wadogo. Hebu lifikirini hilo kama wafugaji, maana najua humu ndani wamo. Mwenye ng'ombe watano hathubutu kuchinja ndama. Kuwachinja kwa wingi namna ile kunataka makundi makubwa sana yanayopita mahali pamoja, na kunataka walaji. Tena katika jaa hilohilo yametoka mawe ya kusagia na mabaki ya nafaka. Yametoka mavi ya chuma, yaani takataka za kuyeyusha na kufua. Zimetoka shanga za maganda ya mayai ya mbuni.

Na zimetoka, kwa uchache, shanga za kioo na kauri kutoka Bahari ya Hindi. Hapa ndugu zetu wa Kiswahili nawaona wameinua vichwa. Kutoka Ntusi hadi pwani ni kama kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka, na hakuna njia iliyonyooka. Wafanyabiashara wa pwani tunaojua walifika Buganda kwa miguu yao walifika mwaka 1844, zama za Kabaka Suna wa Pili. Shanga ziliwatangulia kwa karne tano na zaidi. Hazikuletwa na msafara. Zilipita mkono kwa mkono, kijiji kwa kijiji, na huenda aliyezivaa Ntusi hakuwahi kusikia neno bahari. Wakati huohuo Kilwa walikuwa wakijenga msikiti wao kwa mawe ya matumbawe. Huwa tunafundisha pwani katika sura yake na bara katika sura yake, kana kwamba kulikuwa na ukuta kati yao.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1863 John Hanning Speke alichapisha kitabu cha safari yake ya kutafuta chanzo cha Nile. Alikuwa amemwona Mutesa wa Buganda na Kamurasi wa Bunyoro, akaona wafalme wenye baraza, maafisa, adabu na sheria, na akashindwa kuamini kwamba watu wa hapa waliviunda vitu hivyo wenyewe. Akapata jawabu lililomridhisha: zamani walikuja wafugaji kutoka upande wa Abisinia, yaani Ethiopia, watu wa jamii bora kwa hesabu yake, wakawakuta wakulima, wakawatawala. Kwa maelezo hayo mfugaji ndiye mtawala wa kuzaliwa na mkulima ndiye mtumwa wa kuzaliwa. Nadharia ile ilipewa jina la Wahamiti, ikaingia katika vitabu vya shule, ikaingia katika ofisi za ukoloni, na huko Rwanda iliingia mahali pabaya zaidi, nanyi mnajua.

Jaa la Ntusi linamjibu Speke, na jibu lake ni la kimyakimya lakini haliachi nafasi ya kubishana sana. Katika Ntusi ng'ombe na nafaka viko katika tabaka moja. Waliokula ndama ndio waliosaga mtama, au walikaa nao ua kwa ua. Hakuna tabaka la chini la wakulima watupu kisha juu yake tabaka la wafugaji waliovamia. Reid mwenyewe anaona kwamba ule mgawanyo tunaoujua Nkore, Bahima wafugaji upande huu na Bairu wakulima upande ule, ulikuja kukazwa baadaye, baada ya Ntusi kuachwa na watu kutawanyika, wengine wakifuata malisho na wengine wakifuata ardhi yenye mvua. Kama ndivyo, kile Speke alichodhani ni chanzo cha dola kilikuwa zao la dola. Nimewahi kuwauliza walimu wa wilaya tofauti wanafundishaje sura hii, na bado nakuta daftari za wanafunzi zimeandikwa "Bachwezi walikuwa weupe, walitoka kaskazini". Imeandikwa kwa kalamu ya buluu na kuwekewa alama ya vema nyekundu.

Mwalimu mmoja hapa mbele ameuliza: basi Bachwezi hawakuwapo? Ndugu yangu, swali zuri, na sitalikimbia. Masimulizi ya Bachwezi ni mali yetu na mimi siyatupi. Ndahura, Wamara, Mugenyi, hao wanaheshimiwa mpaka leo katika maziara, yaani mahali pa ibada. Ninachokataa ni kuyatumia kama ramani ya jeshi lililoingia. Kwenye udongo hatuoni kuingia kwa jeshi wala taifa geni. Tunaona watu wa hapa wakiongezeka, wakibadilisha namna ya kuishi, wakikusanyika mahali pamoja kuliko zamani.

Tuvuke sasa kwenda Bigo bya Mugenyi, ukingo wa kusini wa mto Katonga, mwendo mfupi tu kutoka Ntusi. Hapa hakuna anayeweza kupita bila kuona. Mahandaki yamechimbwa kwa urefu wa zaidi ya kilomita 10 ukiyajumlisha, na mahali pengine kina chake kinakaribia mita 4, yakikata udongo na kuingia kwenye mwamba. Peter Shinnie alichimba hapo mwaka 1957. Mwaka 1960 akafuata Merrick Posnansky, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, naye akapata mkaa wa kupimwa kwa kaboni. Vipimo vilielekeza kwenye karne ya 14 na ya 15. Ndani ya mahandaki walikuta mifupa mingi ya ng'ombe na vigae, ila vitu vya nyumbani ni vichache mno ukilinganisha na ukubwa wa eneo. Eneo kubwa namna ile, na watu kidogo ndani yake.

Mahandaki ya nini, basi? Wengine wamesema vita. Wengine wamesema kuzuia ng'ombe wasitoke na wezi wasiingie. Wengine wameona ni maonyesho tu: mkubwa anataka watu wajue kwamba anaweza kuwaamrisha watu wachimbe. Mimi nimesimama pale mara kadhaa na ninaegemea upande wa maonyesho, kwa sababu ukuta wa kilomita 10 unahitaji walinzi wa kilomita 10, na hakuna dalili ya jeshi la kiasi hicho. Lakini msiniamini haraka. Kilicho dhahiri ni kazi yenyewe. Nani aliwalisha wachimbaji? Nani aliwapa majembe? Chuma kilifuliwa wapi? Ukifuata maswali hayo matatu utakuwa umeshalijua dola kuliko ukikariri jina la aliyeamuru.

Munsa, wilayani Kakumiro, nayo ina mahandaki yake yamezunguka kilima cha mawe kiitwacho Bikekete. Peter Robertshaw alipachimba kuanzia mwisho wa miaka ya 1980. Alikuta mashimo ya kuhifadhia nafaka na tanuri la kuyeyushia chuma, na watu walikuwa wamekaa pale kabla hata mahandaki hayajachimbwa. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyosikika. Boma halikuja kwanza likavuta watu. Watu walikuwapo na nafaka yao na chuma chao, kisha boma likachimbwa kuwazunguka.

Munsa ina kisa kingine, nacho nakitaja kwa sababu Waganda humu ndani watanidai nisipotaja matooke. Kwenye kinamasi cha karibu watafiti walitoboa udongo, wakapata chembe ndogo za mawe zinazotengenezwa ndani ya majani ya migomba, katika tabaka walilolipima kuwa na miaka zaidi ya 5,000. Taarifa ilitoka mwaka 2006. Ingekuwa kweli, migomba ingekuwa imefika Uganda mapema kuliko mahali popote Afrika tunapojua, ilhali asili yake ni Asia ya kusini-mashariki. Wataalamu wengine wakapinga: wanasema chembe hizo huchanganyika na za ensete, ndugu wa mgomba anayeota kwetu tangu zamani. Ubishi haujaisha. Mimi sitaki kuujengea hekalu ushahidi wa kinamasi kimoja, ingawa ningefurahi.

Kibiro nataka tukae kidogo.

Kibiro ni kijiji kwenye ufuo wa Ziwa Albert, wilayani Hoima, chini ya ule ukuta wa Bonde la Ufa. Ardhi yake haifai kulimwa. Ina chemchemi za maji moto yenye chumvi. Graham Connah alichimba pale mwaka 1989 na 1990, akateremka mita kadhaa ndani ya majivu na vigae, akakuta kwamba chumvi imekuwa ikitengenezwa hapo kwa karne nyingi, tangu zama za Ntusi au karibu yake. Na haijaacha. Ukienda leo utakuta wanawake kazini.

Kazi yenyewe iko hivi. Kuna viwanja vidogo, kila kimoja kimepakana na kingine kwa mstari wa mawe. Mwanamke hutandaza udongo mkavu uliosagika juu ya ardhi yenye unyevu wa chumvi. Jua linapowaka, maji ya chumvi hupanda ndani ya ule udongo mkavu, maji yakaenda na upepo, chumvi ikabaki. Udongo hukwanguliwa na kutandazwa tena mpaka ushibe. Kisha hutiwa katika chombo chenye matundu chini, humiminiwa maji, na yanayochuruzika ni maji makali ya chumvi. Hayo huchemshwa motoni mpaka yakauke. Udongo uliochujwa hautupwi, hurudishwa kiwanjani ukaanza upya. Ndiyo maana viwanja havijaisha kwa miaka mamia. Majivu ya moto ule ndiyo yaliyofanya kilima alichochimba Connah.

Viwanja ni vya wanawake, na hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Chumvi ilipandishwa ule ukuta wa bonde ikauzwa mbali, na kwa chumvi hiyo Kibiro ikanunua chakula ambacho haiwezi kukilima. Omukama wa Bunyoro alichukua sehemu yake, ndiyo. Lakini alikuta mtambo unafanya kazi. Hakuubuni, na asingeweza kuuendesha siku moja bila wale wanawake. Kama ningepewa uamuzi wa picha moja ya kuwekwa kwenye jalada la kitabu cha historia ya Uganda, ningeweka mwanamke wa Kibiro akikwangua udongo, na mkuki wa mfalme ningeuweka ukurasa wa ndani.

Nasema haya kwa sababu kuna kipimo cha zamani cha ustaarabu kinachotusumbua mpaka leo. V. Gordon Childe, mwanaakiolojia mzaliwa wa Australia, aliandika mwaka 1950 orodha ya mambo kumi yanayotambulisha jamii za mijini za kwanza: miji mikubwa, mafundi wasiolima, kodi inayokusanywa kwa mungu au mfalme, majengo makubwa, tabaka la watawala, maandishi, hesabu na elimu ya nyota, na kadhalika. Aliitoa Mesopotamia na Misri. Pimeni Ntusi kwa orodha hiyo, haifiki nusu. Kwa miaka mingi wengi waliosoma orodha hiyo walihitimisha kwamba tatizo liko Ntusi.

Kisha wakaja Susan na Roderick McIntosh, wakachimba Jenne-jeno nchini Mali mwaka 1977. Walikuta mji mkubwa ulioanza kabla ya Kristo, wenye vilima vingi vya makazi vilivyokaribiana: hapa wahunzi, pale wavuvi, pale wakulima wa mpunga. Biashara ipo, mafundi wapo, watu ni maelfu. Wakatafuta kasri la mfalme, wakatafuta kaburi la mkubwa aliyezikwa na mali. Havikuonekana. Mji uliendeshwa na makundi yaliyohitajiana, kila moja likiwa na nguvu yake, na hakuna lililokaa juu ya yote. Hapo ndipo watu walianza kuuliza upya: je, jamii kuwa na mambo mengi yaliyofungamana lazima iwe na mmoja aliyekaa kileleni?

Ukirudi Uganda na swali hilo, vitu vinakaa mahali pake. Ntusi wana ng'ombe na nafaka. Kibiro wana chumvi. Mubende, kwenye kile kilima chenye mti mkubwa wa Nyakahuma, kulikuwa na makazi katika karne za 13 na 14, na mpaka nyakati zinazokumbukwa pana ziara iliyosimamiwa na Nakaima, kuhani mwanamke ambaye hata Omukama alimpelekea heshima. Munsa wana chuma. Nguvu iko mikononi mwa wengi: mwenye kundi, mwenye kiwanja cha chumvi, mhunzi, kuhani. Baadaye, karne ya 15 na 16, kuna waliofaulu kuzikusanya nguvu hizo chini ya ngoma moja, alama ya ufalme. Mfalme kwangu ni mtu aliyekuja mwishoni mwa mambo, akakuta vyombo vimeoshwa.

Kuhusu sababu ya watu kukusanyika Ntusi wakati ule, hali ya hewa inatajwa sana. Matope ya Ziwa Naivasha, kule Kenya, yanaonyesha ukame mrefu kuanzia kama mwaka 1000 hadi 1270. Robertshaw na David Taylor waliandika mwaka 2000 juu ya uhusiano wa hali ya hewa na kukua kwa mamlaka magharibi ya Uganda. Mvua ikipungua, nyika hupanuka, ng'ombe hufaidi, na mwenye akiba ya nafaka huwa mtu wa kuombwa. Naona hoja hiyo ina uzito. Lakini Naivasha si Sembabule, na ukame huohuo uliwakuta watu wengine wengi ambao hawakujenga kitu. Jua halichimbi handaki.

Mtaniruhusu nitaje Kichwa cha Luzira, japo kwa haraka. Mwaka 1929 wafungwa wa Luzira, hapa hapa Kampala, walikuwa wakichimba, majembe yakagonga vipande vya udongo wa kuchoma: kichwa cha mtu, na sehemu za mwili. E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia, akavichukua, na leo viko British Museum, London. Utafiti mpya wa Reid na Ceri Ashley umevihusisha na vyungu vya aina ya Entebbe, vya zama kabla ya Buganda tunayoijua. Maana yake, kwenye ufuo wa Nyanza, yaani Ziwa Viktoria, kulikuwa na watu wenye ibada na mafundi wa kuumba sura ya binadamu, na hatuna jina hata moja la mfalme wao. Wafungwa waliokivumbua hawakuandikwa majina popote ninapojua. Kichwa kirudi nyumbani au kisirudi ni hotuba nyingine, na mimi maoni yangu mnaweza kuyakisia.

Sasa mambo ya leo. Bomba la mafuta linalotoka Hoima kwenda Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na upande wa Uganda linapita katika wilaya zikiwemo Kakumiro, Mubende na Sembabule. Hebu rudieni orodha hiyo taratibu. Ndizo wilaya nilizokuwa nikizitaja asubuhi yote. Bomba linakwenda pwani, huko shanga zilikotoka, na mitambo inayochimba mtaro wa bomba ni ileile inayoweza kufuta jaa la miaka 800 katika mchana mmoja. Siwalaumu wenye bomba peke yao. Barabara za vijiji, matofali, mashamba mapya, watu wanaosikia kuna hazina ya Bachwezi na kuja usiku na sururu, wote hao wamo. Ntusi, Bigo na Kibiro zimekuwa kwa miaka mingi kwenye orodha ya awali ya UNESCO, ile ya maeneo yanayosubiri kupendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, na orodha ya awali haizuii sururu. Sheria ya maeneo ya kihistoria ya mwaka 1967 imepata mrithi mwaka 2023. Sheria mpya ni hatua, lakini mlinzi wa kweli wa kilima ni mwenye shamba lililo karibu nacho, na huyo ni mzazi wa mwanafunzi wako.

Ndiyo maana nimewaletea kazi. Msiwaambie watoto wachimbe. Narudia, wasichimbe: kigae kikishatoka mahali pake bila kuandikwa, kimebaki udongo wa kuchoma tu. Lakini watoto wetu huokota vigae kila siku, shambani, kwenye shimo la choo, kandokando ya barabara baada ya mvua, kwa hiyo wafundisheni kuvitazama. Chungu chenye nakshi ya mistari iliyokwaruzwa kwa ustadi, na pengine kidimbwi kidogo kilichobonyezwa kwenye kitako, hicho huenda ni cha Urewe, mtindo ulioanza kabla ya Kristo na kudumu hadi karne ya 8 hivi. Kigae chenye alama kama za kamba iliyosokotwa ikabingirishwa juu ya udongo mbichi ni cha baadaye, na mtindo wake umeendelea mpaka karibu na wakati wetu. Mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kuijua tofauti hiyo kwa somo moja.

Mtoto akileta habari ya kigae, mwambieni aandike jina la kijiji na parokia, nani alikiona, alikuwa akifanya nini, kilikuwa kina cha futi ngapi, udongo ulikuwa wa rangi gani, na kama kulikuwa na mkaa, majivu au mavi ya chuma karibu. Apige picha kwa simu ya mzazi, akiweka kalamu kando ya kigae ili ukubwa ujulikane. Asikioshe, kwa sababu masalio ya chakula hukaa ndani ya vinyweleo vya chungu na maabara inaweza kuyasoma. Karatasi na picha zipelekwe kwa afisa wa utamaduni wa wilaya, au zitumwe Jumba la Makumbusho, Barabara ya Kira. Kama ni shimo, lizungushiwe kamba, na kazi ya ujenzi isogezwe upande mpaka mtu aje kuangalia.